Bi Umi na Watu wa Mwezini

Bi Umi wa Kitomanga hakupokea kitu mkononi bila kukigeuza chini juu. Ukimpelekea samaki, alifunua mashavu akayanusa mbele yako. Ukimwamkia shikamoo, alikutazama mikono yote miwili kwanza ndipo akujibu marahaba, kwa sababu mtu mwenye adabu nyingi mno saa mbili za asubuhi, kwa maoni yake, alikuwa na jambo. Sukari ndani ya kopo aliichorea mstari kwa ukucha, na mstari ukihama alijua. Siku ya ndoa yake mwenyewe, inasemekana, alituma mtu barazani kumwambia shehe arudie majina, asije akaozeshwa kwa mtu mwingine. Mumewe, marehemu mzee Abdurahmani, alizoea kusema kwamba ameishi miaka ishirini na tisa na askari wa forodha, na alisema hivyo kwa mapenzi kabisa.

Watu walicheka, naye aliwaacha wacheke. Wasichokikumbuka ni kwamba alizaa watoto watano na wanne akawazika wakiwa bado wadogo, mmoja mmoja, kila mmoja kwa homa ambayo jana yake haikuwapo. Kila mara aliambiwa ni kazi ya Mungu, naye akaitikia, maana ndivyo ilivyo. Lakini mtu aliyenyang'anywa mara nne bila kuuona mkono uliochukua hawezi tena kukaa na kitu akakipa kisogo. Alibaki na Bashiru peke yake, na Bashiru alikua akitazamwa hata anapokunywa maji.

Kazi ya Bi Umi ilikuwa korosho. Alikuwa na mikorosho ya urithi upande wa bondeni, na nyuma ya nyumba alikuwa na banda la makuti lenye sufuria kuukuu iliyotobolewa matundu, ya kukaangia. Msimu ukifika, wanawake wa mtaa walikusanyika hapo kubangua kwa zamu: leo korosho za huyu, kesho za yule, mikono ya wote. Mmoja alikaanga, moshi ukamuwasha macho. Waliobaki walikaa kwenye mikeka, wamejipaka majivu viganjani ili mafuta ya maganda yasiwaunguze, kila mmoja na jiwe lake na kigongo chake, wanapasua, wanatoa, wanatupia kwenye ungo ulio katikati.

Sasa, korosho iliyotoka motoni ina harufu isiyojali umri wala dini, na mkono unaoipasua uko karibu sana na mdomo. Kila banda lina njia yake ya kulinda ungo. Wengine huimbisha kaswida. Wengine hufungulia redio na kuwaamini watu, jambo ambalo kwa Bi Umi lilikuwa wendawazimu mtupu. Yeye alisimulia hadithi. Ndani ya hadithi kulikuwa na swali, na swali likifika kila mbanguaji aliitika kwa zamu, maneno kamili, kwa sauti: "Nipo, na mlango wangu uko wazi." Jaribu kusema hivyo una korosho mbili shavuni. Bi Umi alikuwa amejaribu mwenyewe, kwa siri, ndiyo maana akayachagua maneno hayo.

Walimtania kwamba anayesimulia hadithi mchana huota mkia. Aliwajibu kwamba mkia utamfaa kufukuzia nzi, mikono ikiwa kazini.

Hadithi yenyewe alianza kuibeba tangu mwaka ule watu walipotua mwezini, yeye akiwa msichana wa darasa la tatu. Habari iliingia kijijini kwa redio ya mwenye duka, na watu wazima walisimama pale dukani wakibishana mpaka duka likafungwa. Bibi yake Umi, ambaye tangu kuzaliwa alijua kwamba lile doa la mwezini ni mwanamke aliyejitwisha mzigo wa kuni, aliuliza swali moja tu.

"Waliaga nani?"

Bibi akasema mtu haendi mbali kiasi hicho bure. Hao wametangulia kutafuta kiwanja, akasema, na ipo siku watahamia wote, na huku kwetu hatutaambiwa. Umi aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Miaka ikapita, akaolewa, akazaa, akazika, akawa mjane, na kila msimu wa korosho aliongeza chumba kingine kwenye nyumba aliyoijenga bibi yake.

"Basi, miaka hiyo ambayo haijapewa namba," ndivyo alivyoanza, "watu walikuwa wamekwisha kuhamia mwezini. Dunia waliiacha huku chini kama shamba lililochoka. Kule hakukuwa na mbu. Ugali ulijisonga wenyewe. Mtu akiumwa kidole alipewa kidole kingine, akachagua na urefu. Nyumba zilikuwa za duara, nyeupe, zimepangwa kama mayai kikapuni, na kila jioni Bibi Mwezi alipita mlango kwa mlango, kuni zake kichwani, akiuliza: Mpo?"

"Nipo, na mlango wangu uko wazi," waliitika wanawake, mmoja baada ya mwingine, naye akiwatazama midomo.

"Walikuwa wengi, kelele zao zilimchosha. Kisha wakaanza kupungua, na msiniulize vita, hapakuwa na vita. Wala gonjwa. Nyumba moja ilisema, watoto wana kelele, sisi wenyewe tunatosha. Ya pili ikaiona ya kwanza imetulia, ikatulia nayo. Shule ikabaki na darasa moja, mwalimu akafurahi kwamba sasa atawajua wote kwa majina. Kisha akabaki na mtoto mmoja, akamjua sana. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyemshika mwenziwe akamwuliza, jamani, tunakwenda wapi. Na Bibi Mwezi kila alipokuta mlango usioitika alishusha ukuni mmoja, auweke hapo kizingitini, maana moto wa kumpikia nani tena?"

Kila alipofika hapo alikoroma kidogo kooni, na wanawake walijua si kwa ajili ya watu wa mwezini. Bashiru alikuwa ameoa miaka minane iliyopita. Mtoto hakuwapo. Bi Umi akihesabu, nyumba ya Abdurahmani ilikuwa imefika kwenye ukuni wa mwisho, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi kuliko yote: afe, Bashiru afuate, na pasiwe na mtu hata mmoja duniani wa kukumbuka kwamba waliishi.

Banda nalo lilikuwa limepungua. Hapo zamani walikaa wanawake kumi na mmoja. Wawili walifariki, mmoja alimfuata binti yake Dar es Salaam, mmoja alikwenda kwenye kiwanda kinachobangua kwa mashine, na wengine walisema mgongo, macho, wajukuu. Hakuna aliyegombana na Bi Umi, na hilo ndilo lililomtia shaka zaidi, kwa kuwa mtu akigombana unajua alipo. Aliamini kuna mahali kuna mtu anayewavuta. Kwamba huenda walichoka kutazamwa ndani ya midomo, wazo hilo halikumpitia.

Msimu huu walibaki watano. Alikuwapo yeye. Alikuwapo Martina, mjane wa Kimakonde mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, Mkatoliki wa kwenda kanisani kila Jumapili na rafiki yake Bi Umi tangu wakiwa wanawali. Walikuwapo dada wawili wa nyumba ya jirani ambao walizungumza wao kwa wao tu. Na alikuwapo Somoe, mkewe Bashiru.

Somoe alikuwa mtu wa Mingoyo, mwenye sauti ndogo na nyumba safi, na Bi Umi hakuwa na la kumsema ila moja. Wasichana wa siku hizi wana sindano zao, alisikia, unadungwa leo, tumbo linalala miezi mitatu, na mume hajui. Aliwahi kumfuata Somoe hadi zahanati, akasubiri atoke, kisha akaingia kumwuliza nesi alichodungwa.

"Bibi, hiyo ni siri ya mgonjwa," nesi alimwambia kwa upole.

Neno siri, masikioni mwa Bi Umi, lilikuwa sawa na kukiri kosa.

Kweli, mimba iliwahi kuwapo. Ilikuwa mwaka wa pili wa ndoa, na hakuna siku Bi Umi aliyofurahi kama ile. Alipiga kigelegele hapohapo uani. Kufikia jioni kijiji kizima kilijua, na kufikia Ijumaa salamu zilikuwa zimevuka maji hadi Songo Mnara kwa ndugu wa marehemu mumewe. Mwezi wa tatu ikaharibika. Watu walipokuja kutoa pole, Bi Umi alimwuliza Somoe mbele ya wageni kitu gani kizito alichokinyanyua, na nani alimpa chakula wiki ile. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anatafuta ule mkono. Somoe alitazama mkeka, na tangu siku hiyo hawakuzungumza tena habari hiyo.

Basi msimu huu Bi Umi aliona mambo. Kwanza korosho zilipungua: debe lililozoea kutoa bakuli tatu lilitoa mbili na nusu, na sufuria ni ileile, na mikorosho ni ileile. Pili, Somoe alihama mahali pake pa kukaa, akaenda pembeni karibu na nguzo, upepo unakotoka, kanga ameivuta mpaka puani, akisema moshi. Miaka minane moshi haukumsumbua. Tatu, alipoitika alikuwa anageuza uso kwanza, kama mtu anayepanga kitu mdomoni, ndipo aseme. Nne, alionekana akirudi kutoka zahanati na bahasha ya kaki. Bi Umi aliingia chumbani kwao watoto walipokwenda shambani, maana kwake hao bado walikuwa watoto, akainua godoro, akapekua kikapu cha nguo. Hakupata kitu chochote. Hilo ndilo lilimthibitishia, kwa sababu asiye na la kuficha huwa na kitu kidogo cha kuonekana.

"Anakula korosho zangu na anameza vidonge vya kufunga kizazi," alimwambia Martina walipokuwa wanaosha nyungo. "Mdomo mmoja unanimaliza mara mbili."

"Mama Bashiru, wewe hata kivuli chako ungekipekua mifuko," alisema Martina, akaondoka haraka kuliko kawaida yake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, kati ya adhuhuri na alasiri. Korosho zilikuwa za Bi Umi. Alikuwa amepanga tangu asubuhi. Aliisimulia hadithi kwa kasi, akaruka ugali na vidole, akaenda moja kwa moja mahali ambapo mwezi mzima umebaki na milango mitano, na badala ya kuanza na Martina kama desturi, akaanzia kwenye nguzo.

"Bibi Mwezi akafika nyumba ya kwanza. Akauliza: Mpo?"

Somoe alikuwa ameinama. Kigongo chake kiligonga ganda lililokwisha kupasuka.

"Nyumba ya nguzoni. Mpo?"

Somoe akatikisa kichwa kuonyesha kwamba yupo.

"Bibi Mwezi ana kuni kichwani, hawezi kuinama kutazama vichwa vya watu. Sema."

"Mwache mtoto wa watu," alisema Martina. "Pengine anaumwa jino."

"Jino linalouma sufuria ikipakuliwa tu."

Bi Umi aliinuka. Magoti yalilia, lakini aliinuka, akavuka mikeka, na wale dada wawili wakanyamaza kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze. Moyo wake ulikuwa unadunda kwa kitu kilichokaribiana na furaha. Miaka yote alitafuta mkono unaochukua, na sasa alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Alimshika Somoe kidevu kama anavyoshikwa mbuzi anayetazamwa umri, akatandaza kiganja chake kingine chini ya mdomo.

"Tema."

Somoe alimwangalia. Hakuwa na woga usoni, wala aibu. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyebeba ndoo muda mrefu akaambiwa hapo alipo ndipo atakapoitua. Akatema.

Bi Umi aliinamia kiganja chake akitafuta korosho. Aliona uji wa kijivu na kipande kigumu katikati, na kwa vile mkono wake ulikuwa na majivu, alidhani kwanza ni majivu yake mwenyewe. Akanusa. Kilinuka ardhi iliyopata mvua ya kwanza.

"Udongo," alisema Martina kutoka kwenye mkeka wake, na sauti yake safari hii ilikuwa ndogo.

Hakuna mwanamke pale bandani asiyeujua udongo ule wa vijiti unaouzwa sokoni, na hakuna asiyejua ni nani huununua na katika hali gani. Mmoja wa wale dada alishika mdomo. Furaha ikampanda Bi Umi kutoka tumboni, furaha kubwa, ya miaka minane, na ulimi ukaanza wenyewe kujipanga kwa kigelegele.

"Mama," alisema Somoe. "Usipige."

Ulimi ukasimama.

"Miezi mingapi?"

"Minne na siku kidogo."

"Bashiru anajua?"

"Anajua."

"Na nesi?"

"Ndiye anayenipa vidonge vya damu."

"Na mama yako kule Mingoyo?"

Somoe akaitikia kwa kichwa. Bi Umi aliangalia huku na huku bandani, akamwona Martina anachezea jiwe lake, akaelewa kwamba hata Martina alikuwa amehisi kitambo.

"Kumbe mlikuwa mnanificha mimi," alisema.

"Ya kwanza uliipigia kigelegele, mama, kisha ukaniuliza mbele za watu nimefanya nini nayo." Somoe alizungumza polepole, macho yapo kwenye kiganja cha mkwewe chenye udongo. "Ya pili hukuijua."

"Ya pili ipi?"

"Ya mwaka juzi. Ilitoka hapa hapa bandani. Nilihisi inatoka nikiwa nimekaa, na wewe ulikuwa unauliza nyumba kwa nyumba. Zamu yangu ikafika, nikaitika. Nikamaliza korosho zilizokuwa mbele yangu ndipo nikaomba ruhusa kwenda uani." Akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Mimi na Bashiru tukasema hii tutaificha mpaka ikae. Siyo kwa watu, mama. Watu wangetuombea dua. Tulikuwa tunakuficha wewe."

Hapo mtu mwingine angelia, au angeomba radhi, au angekaa chini tu. Bi Umi mwenyewe, katika miezi iliyofuata, alirudia dakika ile mara nyingi na kila mara alijipa maneno mengine mazuri ya kusema. Lakini kilichotoka mdomoni mwake siku ile kilikuwa kile kilichozoea kutoka.

"Na korosho?" aliuliza. "Nusu bakuli kwa kila debe. Nazo umekula wewe, au huyo aliye tumboni?"

Somoe aliinuka, akajikung'uta maganda, akaondoka kuelekea nyumbani bila kuaga.

"Korosho ni mimi," alisema Martina. "Mwaka wa sita huu, ila msimu huu nimezidisha. Nimejifunza kuitika kwa shavu la kushoto. Nilikuwa nasubiri siku utakayonikamata tucheke."

Hakuna aliyecheka.

Siku tatu baadaye Bashiru alimwendea mama yake uani. Alikuwa fundi wa pikipiki, mtu mwenye mikono mizito na maneno machache, na tangu utotoni alijua kumwambia mama yake jambo akiwa amesimama mbali kidogo.

"Mama, Somoe atakwenda kwao Mingoyo. Kutoka kule hospitali ya Lindi si mbali. Na mimi nitakwenda, njia panda kuna pikipiki nyingi, kazi haitakosekana."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ajifungue."

Bi Umi aliutafuta uongo katika uso wa mwanawe, kwa mazoea, na akaona kwamba hataki kuupata. Hakubisha. Asubuhi ya safari aliamka mapema, akaenda sokoni, akachagua udongo mwenyewe, kijiti kimoja kimoja, akavipangusa vumbi, akavikausha juu ya makaa, akavifunga ndani ya karatasi safi. Aliwakuta barabarani wakisubiri gari, begi mbili na ndoo ya plastiki miguuni. Akampa Somoe kile kifurushi.

"Nimekitengeneza vizuri," alisema. "Hakina mchanga."

Somoe alikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Kisha akakigeuza chini juu. Akanusa pale karatasi ilipokunjwa. Alifanya taratibu, bila dharau, kama mtu aliyefundishwa na mwalimu mzuri, na Bi Umi akahisi kitu kinamchoma kifuani kwa sababu alimjua mwalimu huyo.

Bi Umi akakichukua tena kifurushi, akakifungua, akamega kijiti, akakitafuna mbele yao wote wawili. Meno yake hayakuwa mengi, ikamchukua muda. Udongo ulimkaukia kooni lakini alimeza, kisha akamnyooshea Somoe kilichobaki.

"Naamini, mama," alisema Somoe. "Lakini sitakula."

Gari likaja. Bashiru akapakia begi, akainama akabusu mkono wa mama yake, wakaondoka. Bi Umi alisimama pale na karatasi yake mpaka mwenye kibanda cha chai akamwita akae kivulini.

Banda liliendelea, kwa namna yake. Wale dada wawili waliacha kuja, bila ugomvi, kama wote waliotangulia. Martina alibaki. Walibangua wawili, redio imefunguliwa, na korosho zilizoingia shavuni mwa Martina ziliingia hadharani. Mara moja tu Martina aliuliza hadithi ile ilikuwa inaishaje, yaani yule wa mwisho kule mwezini alipatwa na nini. Bi Umi akasema hajui, hakuwahi kufika huko, kila mwaka msimu uliisha kabla.

Bashiru alipiga simu kila Ijumaa baada ya swala. Na hapa Bi Umi alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika maisha yake. Aliamua kuamini. Alilifanya kwa makusudi, kama mtu anayejiwekea nadhiri, akijiambia kwamba kama kuna chochote kinachoweza kumrudishia Bashiru na mkewe, ni hicho. Hakumtuma mtu Mingoyo kuchungulia. Hakumpigia mama yake Somoe. Mwanawe alipomwambia hali ni nzuri, alisema alhamdulillahi, akaweka simu kifuani, na hakuuliza swali la pili. Ilimbana kama kiatu kipya, lakini alivumilia. Alihesabu miezi kwa vidole, ikatimia tisa, ikapita, naye Bashiru akamweleza kwamba nesi alikosea tarehe. Bi Umi wa zamani angepanda gari siku hiyohiyo. Bi Umi huyu alisema wataalamu nao ni binadamu, wanakosea.

Ilikuwa Jumatatu Martina aliporudi kutoka Mingoyo alikokwenda kuuza korosho za paketi. Hakupitia nyumbani kwake mwenyewe kwanza. Alikuja moja kwa moja na kikapu kichwani, akakitua, akakaa, akanyamaza, na Martina kunyamaza ilikuwa habari tosha.

"Sema," alisema Bi Umi. "Imeharibika."

"Haijaharibika. Amejifungua salama, wa kike, mzima kabisa. Nimemshika kwa mikono yangu hii. Nilipita nikakuta wageni, wamepika pilau, jana walikuwa wanamtoa nje. Arobaini imekwisha."

Bi Umi aliweka mikono yote miwili kichwani. Akacheka, na machozi yakamtoka katikati ya kicheko, akamshukuru Mungu kwa sauti, akamwuliza Martina kama mtoto ana nywele, kama ni mweusi wa baba au mweupe wa mama, kama paji la uso ni la marehemu Abdurahmani. Martina akajibu yote. Paji lilikuwa la Abdurahmani, hakuna shaka. Bi Umi akaomba aambiwe tena habari ya paji.

Baadaye tu, Martina alipokwenda kunywa maji, ndipo vidole vya Bi Umi vikaanza vyenyewe kuhesabu kurudi nyuma. Siku arobaini na moja. Ndani yake kulikuwa na Ijumaa sita. Ijumaa zote sita Bashiru alipiga simu, akamwamkia, akamwuliza kama magoti bado yanauma, na alipofika kwenye habari ya Somoe alimwambia bado.